Pikipiki Iliyokataa Kupona

Soko la vipuri siku ya Jumamosi halina adabu. Unakanyagwa, unasukumwa, unaitwa "mchumba" na mtu anayekuuzia taa ya nyuma. Katikati ya vurugu hiyo alisimama mshonaji mmoja, gauni la manjano alilojishonea mwenyewe limemkaa hadi wauzaji wakasahau bei zao, mkononi kashika mnyororo wa pikipiki uliooza.

"Natafuta kama huu," alisema.

"Dada, huo si mnyororo," ilijibu sauti nyuma yake. "Hiyo ni kutu imeshikana mikono."

Aligeuka tayari kutukana. Akamkuta kijana mrefu ndani ya ovaroli ya buluu, anacheka kwa macho, na tusi likamwishia mdomoni. Alikuwa fundi wa gereji ya jirani. Watu walimwita Sikio, maana huegemeza bisibisi ndefu kwenye injini, akaweka mpini sikioni, akakutajia ugonjwa kabla hujamaliza kueleza.

"Pikipiki yenyewe iko wapi?"

"Kwa mjomba aliyenilea. Imelala stoo miaka. Kuku wametagia kwenye kiti."

"Mayai mlikula?"

"Tulikula."

"Basi bado ina faida. Kesho nakuja."

Akaja. Mjomba, mstaafu mwenye ulimi mkali, alikaa kizingitini na chai yake. "Kijana, hicho ni chuma chakavu," alisema. Sikio aliizunguka kwanza, mikono nyuma. Akatikisa magurudumu, akabonyeza breki, akanusa petroli iliyochacha tangini. Nyaya zilikuwa zimetafunwa na panya, kabureta imeganda utando wa kijani. Akaifungua kipande kwa kipande juu ya gazeti, akaosha, akapuliza, akafuta. Mshonaji alijua vidole vya kazi, lakini hakuwahi kuona mikono minene ikishika vitu vidogo kwa upole ule. Alimpenda pale pale, tusizungushe maneno.

"Mbona unaniangalia hivyo?"

"Naangalia kazi."

"Kazi iko huku chini."

"Nitafika."

Baada ya Jumapili kadhaa injini ilikohoa, kisha ikanguruma. Mjomba akapiga makofi. Mshonaji alitabasamu huku moyo umemnyong'onyea. Imepona, sasa atakuja kufanya nini? Jamani, haya na mapenzi vikikaa kifua kimoja, akili huhama nyumba.

Katikati ya wiki alipiga simu. "Fundi, mgonjwa kazima tena."

"Kazima? Nakuja, mpenzi... mteja."

"Umesema nini?"

"Nimesema mteja!"

Sikio alikuta kofia ya plagi imelegea. Wiki iliyofuata ikawa inazimazima, akarekebisha. Ilipozima tena alitafuta mchana kutwa asione kitu. Akakusanya spana zake, akaondoka bila utani wala kwaheri. Tangu hapo simu za mshonaji hakupokea. Kumbe ananichezea, mshonaji akajiambia, akalia juu ya cherehani. Halafu akajifuta machozi, akaenda gerejini kumpa vidonge vyake.

Alimkuta anafagia. Mafundi wenzake wanamcheka: "Sikio limeziba!"

"Kwa nini hupokei simu?"

"Nikwambie nini? Pikipiki moja ya nyumbani imenishinda. Sasa kila injini naiogopa. Nimemwomba bosi anipe fagio." Hakumtazama. "Tafuta fundi mwingine, dada."

Hilo "dada" lilimchoma. Mchezo wake ndio uliomvunja mtu aliyempenda kwa ustadi wake! Akinyamaza, heshima yake inabaki, ya Sikio inakwenda na maji. Akapaza sauti, gereji nzima isikie.

"Halijaziba! Mimi ndiye niliyeiharibu. Nililegeza kofia ya plagi. Nikazungusha skrubu ya upepo ya kabureta. Mara ya mwisho nikaziba kitundu cha hewa kwenye kifuniko cha tangi, kwa nta ninayopaka uzi wa kushonea, petroli ikagoma kushuka. Ndiyo maana ukifungua tangi ilipona, ukifunga ikafa."

Sikio alikunja ndita.

"Unajua wiki hizi nimelalaje?"

"Nimekosa. Nisamehe. Nilitaka tu uje."

"Si ungesema njoo!"

"Bila sababu?"

"Sababu ningeitafuta mimi!" Akashika kiuno, akatikisa kichwa, na kicheko kikaanza kumtoka taratibu. "Nta kwenye kifuniko... Hilo hata bosi asingeliwaza. Nani kakufundisha?"

"Wewe. Si nilikuwa naangalia kazi?"

"Mwanamke, una kipaji cha hatari," alisema, na fahari ilimjaa usoni. Akatoa simu, akaweka spika, akapiga.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, fundi. Pikipiki tena?"

"Pikipiki nzima. Mpwa wako ndiye alikuwa anaiharibu makusudi ili nije. Sasa nakuja kuposa."

Mshonaji alifunika uso kwa viganja. Upande wa pili likasikika cheko la mzee.

"Mwanangu, ile stoo ina giza. Ulidhani nani alikuwa anamshikia tochi?"