Kura ya Merle

Ng'ombe wa Verna Klinefelter walisusia maji Jumatatu asubuhi. Birika lao la kunywea limejaa, maji ya kisima kilekile cha siku zote, lakini wao wamejipanga uzioni, shingo zimetoka nje, wanalamba barabara.

Barabara hiyo ya changarawe ilikuwa imemwagiwa maji ya chumvi, yale yanayorudi juu baada ya kampuni ya gesi kupasua miamba huko chini. Kampuni haikuwa na pa kuyapeleka. Merle Stahlman, mwenyekiti wa madiwani wa kata, mtu asiyejua kukataa cha bure hata kikiwa upele, aliyapokea kwa mikono miwili: eti yanatuliza vumbi. Akajiona bingwa, na tumbo lake likatangulia mbele zaidi.

Jumatano Verna alifungua bomba la jikoni, nalo likavuta pumzi. Halikukoroma kama bomba lenye hewa. Lilivuta, likashikilia, likatoa polepole, na jikoni kukajaa harufu ya yai viza. Verna alishikwa na hofu. Kisima hicho kikiharibika, hana maziwa, na bila maziwa hana shamba.

Akamwita Opal Wingard, dereva mstaafu wa basi la shule, anayetafuta maji kwa kijiti cha mpichi chenye panda. Bonde zima humcheka kanisani, na visima vikikauka humpigia simu.

"Shoga," Opal alinong'ona, kijiti kikimtetemeka mikononi, "hiki siku zote huinama palipo na maji. Mbona leo kinanyanyuka?"

"Maana yake nini?"

"Kwamba tunachokitafuta hakiko chini tena. Tumo nacho humu ndani. Ni jini, Verna. Alilala chini ya mwamba tangu huku kote kulipokuwa bahari. Wamemvunjia nyumba, kisha Merle akamlowanishia njia mpaka mlangoni kwako."

"Anatokaje?"

"Barabara ikauke maji hayo ya chumvi tu, kisha mvua imsukume arudi chini. Ila wasimwage tena hata tone."

Alhamisi jioni, jua likiwa bado kali, madiwani walikaa kwenye ukumbi wa zimamoto kuamua kama maji yale yaendelee kumwagwa. Kila mwananchi ana dakika tatu, na katibu huzipima kwa saa ya kuchemshia mayai. Verna hakuhutubu. Aliweka mezani chupa ya maji ya kisima chake.

"Merle, kunywa."

"Verna na vituko vyako! Chumvi tu hiyo. Mimi viazi vyangu naviwekea zaidi."

Afisa wa kampuni, aliyekuwa akitabasamu tangu aingie, alisogeza kiti nyuma. Merle alikunywa nusu chupa, akajipangusa mdomo, akakonyeza watu.

Ndipo bomba la jikoni la ukumbi likavuta pumzi, na la chooni likaitikia, na tangi la gari la zimamoto huko nje likafuata, yote kwa pamoja, polepole, mpaka vioo vikaota ukungu na harufu ya yai viza ikawakaba watu koo, na nyuma ya midomo ya Merle iliyofumbwa kabisa ikatoka sauti nzito iliyosema, "Nilikuwa nimelala. Mmeniita wenyewe."

Saa ikalia.

"Dakika tatu zimekwisha," alisema katibu, kwa mazoea tu, mpumbavu yule. "Tupige kura. Tuendelee kumwaga?"

Diwani wa kwanza, shemeji yake afisa, alisema ndiyo. Wa pili alisema hapana, huku akilia. Akabaki Merle.

"Merle, baba," Verna alimsihi, "kisima changu kinakufa. Sema hapana. Neno moja tu, nakuomba."

Kwa mara ya kwanza maishani mwake Merle Stahlman alitaka kukataa. Machozi yalimtiririka, akatikisa kichwa kulia na kushoto kwa nguvu zote, midomo ameibana mpaka imekuwa myeupe.

"Ndiyo," ikasema sauti iliyomo ndani yake.

Kwenye kata ile kura huhesabiwa kwa sauti, si kwa kichwa. Katibu aliliangalia daftari lake la kanuni, akamwangalia Merle, akainama akaandika: Imepita.

Asubuhi lori lilipita mbele ya nyumba ya Verna likimwaga. Ng'ombe walikuwa wameshajipanga uzioni. Jikoni, bomba alilolifunga kwa waya lilivuta pumzi, na safari hii likamwita kwa jina.