Ukuta Usiofika Bati

"Tulia, mwanangu. Wanja utakuingia jichoni."

Somo yangu, Bi Najat, kungwi aliyenifunda, alinishika kidevu. Alikuwa ananipamba kwenye chumba cha kubadilishia jezi, ndani ya ukumbi wa michezo wa kata yetu, Tabata. Ukumbi ule ndio kila kitu chetu. Watoto huchanjiwa humo, mabondia hupigana humo, na Jumamosi watu huoana humo. Leo ilikuwa zamu yangu.

Ukuta wa chumba kile haufiki bati. Kinachosemwa upande wa pili unakisikia chote. Ndiyo maana nilimsikia Nurdin.

"Wavu ukunjeni vizuri, Jumatatu kuna mechi. Viti vya wanawake huku, mkeka wa bwana harusi katikati."

Nilitabasamu, kisha nikashtuka.

"Somo, mbona bwana harusi ndiye anapanga viti?"

"Bwana harusi gani? Yuko njiani na watu wake."

"Si huyo anayeongea?"

"Huyo Nurdin, mtunza ukumbi. Anapanga viti harusi zote, kwani ataoa zote?"

Nikausogeza kando mkono wake wenye wanja.

"Somo, kwani mie naolewa na nani?"

Bi Najat alicheka. Aliponitazama usoni, akaacha.

"Na Khalfani wa Kiwalani. Si ndiye aliyekuja kuposa?"

Khalfani alikuwa mshenga tu, rafiki wa Nurdin aliyecheza naye voliboli.

Mie na Nurdin tulipendana kimyakimya, nikipeleka maandazi kwa wachezaji wa voliboli, naye akiwa mmoja wao. Ujumbe wake wa mwisho ulisema: "Namtuma Khalfani kwa baba yako mkubwa. Ukiulizwa, usinitie aibu."

Na kweli niliulizwa. Baba mkubwa Mwishehe, aliyenilea, alisema mbele ya shangazi zangu, "Kijana wa voliboli pale ukumbini anakutaka. Umeridhia?" Nikainama, nikajifunika khanga usoni. Kwetu mwali akinyamaza amekubali. Anayejibu huonekana hana haya. Vigelegele vikapigwa. Nikawekwa ndani nisingwe kwa manukato, simu ikachukuliwa. Kila mtu alisema "mumeo, mumeo". Jina niliona haya kuliuliza.

"Somo, niazime simu."

"Mwali hashiki simu."

"Nakuomba, somo yangu."

Alinipa. Namba ya Nurdin nilikuwa naijua kichwani.

"Ni Munira. Khalfani alikwambiaje?"

Upande wa pili viti viliacha kuburuzwa. Jibu likaingia:

"Kwamba hunitaki, umemchagua yeye. Nikapiga simu yako, imezimwa. Hongera. Viti vimetosha."

Nikaandika: "Nilinyamaza kwa ajili yako wewe."

Kabla hajajibu, mlango uligongwa. Baba mkubwa aliingia na shekhe na mashahidi wawili. Nje wanaume walishakaa, na nilimsikia Khalfani akichekeshana nao pale mkekani.

"Munira, mwanangu," alisema baba mkubwa, "nikuozeshe kwa Khalfani, kwa mahari ya msahafu na cherehani. Umeridhia?"

Nilifungua mdomo, sauti haikutoka.

Shekhe akatabasamu. "Kunyamaza kwake ndiyo ridhaa yake. Twendeni."

Wakageuka. Mkono wa baba mkubwa ulishashika kitasa.

"Hapana."

"Unasemaje?"

"Nimesema hapana, baba. Mwenye posa ni Nurdin. Khalfani alitumwa tu."

Sikupiga kelele. Lakini ukuta ule haufiki bati. Vicheko vya mkekani vilikatika.

Baba mkubwa alitoka hadi mkekani.

"Khalfani. Ulitumwa au ulijileta?"

"Mzee, watu wameshakaa, tusiaibishane."

"Nimekuuliza. Ulitumwa au ulijileta?"



"Nilitumwa. Lakini na mie nilimpenda, mzee."

"Loo," alisema bibi mmoja upande wa wanawake. "Katumwa kupeleka chakula, kakila njiani."

Watu wakacheka, ila si baba mkubwa.

"Nurdin yuko wapi?"

"Niko hapa. Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Una la kusema?"

"Sina mshenga tena, mzee."

Hapo hata shekhe alicheka. Nilidhani nitaozeshwa palepale. Lakini baba mkubwa alisema, "Leo haozwi mtu, nina hasira. Pilau ishaiva, watu wale. Wewe Khalfani, nenda kwenu. Na wewe Nurdin, kesho njoo na mzazi wako. Usitume mtu."

Sahani zilianza kulia. Bi Najat alinifuta wanja uliochuruzika, akiguna. Ndipo mtu akagonga ukuta taratibu.

"Munira."

"Abee."

"Kesho ukiulizwa, utanyamaza?"

Bi Najat alinitazama. Wanawake nje walikuwa wananyamazishana, wanasikiliza.

"Nitajibu," nikasema, kwa sauti ya kufika mkekani.