Mshauri wa Nyumba Mbili

"Lifungue!"

"Silifungui!"

"Mama Jemima, lifungue kufuli hilo kabla sijakuvunjia heshima!"

"Heshima vunja tu, Bibi Shemsa. Kufuli huliwezi. Nimechukua lile kubwa kuliko yote dukani!"

Ilikuwa Jumamosi asubuhi, mwaka 2006, katika mtaa mmoja wa Winson Green, Birmingham, na mvua ya rasharasha ilikuwa inanyesha kama kawaida yake. Nyumba za mtaa huo zimeshikana bega kwa bega. Kati ya nyumba ya Bi Shemsa na ya Mama Jemima umepita uchochoro mwembamba, wenye giza kama handaki, unaotoka barabarani hadi nyuma, kwenye nyua zao. Mdomoni mwa uchochoro huo sasa palikuwa na geti jipya la chuma.

Upande wa barabarani alisimama Bi Shemsa, mwanamke wa Kizanzibari, ushungi umelowa, mikono kiunoni. Nyuma yake walipangana mashoga zake wa kila Jumamosi, wa mbele akiwa Aida na sufuria ya biriani kifuani. Upande wa ndani alisimama jirani yake Kwamboka, mama yake Jemima, muuguzi kutoka Kisii. Alikuwa amevaa sare ya kazi, kandambili miguuni, na macho mekundu ya mtu aliyekesha na wagonjwa.

"Kwani nyumba yako haina mlango wa mbele?" Kwamboka aliuliza. "Kila Jumamosi ni ko-ko-ko, viatu vya watu, na vicheko juu yake. Mimi nimetoka kazi ya usiku, nalala saa ngapi?"

"Mlango wa mbele ni wa wanaume na tarishi wa posta! Sisi tunapita uani. Na sheria iko upande wangu, bibi wee. Mjukuu wangu kaniambia hakuna ruhusa ya mtu kufunga uchochoro. Kamuuliza mwanasheria wa serikali!"

Kwamboka akaangua kicheko kisicho na furaha.

"Mjukuu yupi? Asmahan? Asmahan ndiye aliyeniambia naweza kufunga! Na alisema amemuuliza mwanasheria huyo huyo!"

Ng'ambo ya barabara, Mzee Dubow, ambaye kwa muda wote ule alijidai anasogeza pipa la takataka, aliliacha pipa akasimama wima ili asikie vizuri. Kisha vichwa vyote vikainuka kwa pamoja kutazama dirisha la juu la Bi Shemsa. Pazia likatikisika. Nyuma yake alikuwa Asmahan, msichana wa miaka kumi na miwili, anatamani ukuta umfiche.

"Basi," Kwamboka alisema, na sasa sauti yake ilikuwa ya uchovu mtupu. "Nimechoka na kelele na nimechoka na mabishano. Dada yangu ameniambia kuna nyumba kule Hodge Hill. Mwezi ukiisha tunahama, mimi na Jemima."

Jemima alikuwa amesimama nyuma ya mama yake. Hakulia. Aliinua macho kwenye lile dirisha, akamtazama rafiki yake, kisha akaingia ndani.

Jicho lile lilimchoma Asmahan kuliko fimbo. Kila mama yake Jemima alipokuwa zamu ya usiku, Jemima alilala kwa Bi Shemsa. Alikuwa na blanketi lake pale, kikombe chake, na upande wake wa kitanda. Walikuwa wanaenda shule pamoja na kurudi pamoja. Hodge Hill ilikuwa upande wa pili wa mji.

Haya yote yalianzaje? Kwa ulimi wa asali, basi. Asmahan alizaliwa Birmingham na alijua Kiingereza kuliko watu wazima wa mtaa, kwa hiyo kila mwenye swali alimwendea yeye. Alipenda kuitwa "wakili wetu." Alipenda zaidi kuona uso wa mtu ukichanua. Bibi yake alipomuuliza kama jirani anaweza kuufunga uchochoro, alisema, "Hawezi, Bibi, nimemuuliza dada Sikuzani," akapewa kaimati. Kwamboka alipomuuliza swali hilo hilo alisema, "Unaweza, Auntie, nimemuuliza dada Sikuzani," akapewa chapati ya moto. Na dada Sikuzani hakuwa ameulizwa lolote.

Sikuzani alikuwa mpangaji wao. Huko Dar es Salaam alifanya kazi katika Ofisi ya Mwanasheria Mkuu wa Serikali, na hapa Birmingham alikuja kusoma shahada ya pili. Siku hiyo alikuwa chumbani kwake na vitabu vyake, na yale maneno "mwanasheria wa serikali" yalimfikia kupitia dirishani.

"Asmahan! Njoo, mdogo wangu."

Asmahan aliingia, akasimama karibu na mlango. Akaanza kujieleza kwa Kiingereza, maneno yakikimbizana.

"Aa, aa. Sema kwa Kiswahili," Sikuzani alimkatiza. "Uongo uliusema kwa Kiswahili. Lini uliniuliza habari za uchochoro?"

"Sikukuuliza."

"Kwa nini ukanitaja?"

"Ili waniamini." Asmahan aliinamisha kichwa. "Lakini dada, si na wewe unafanya hivyo hivyo? Serikali ikitaka kitu, wewe unaiambia ndiyo. Si ndiyo kazi ya mwanasheria wa serikali?"

Sikuzani alicheka mpaka akavua miwani. Akapiga kitanda kwa kiganja, Asmahan akakaa.

"Sikiliza. Wizara ikitaka kufanya jambo, inatuuliza kwanza: je, sheria inaruhusu? Kuna wakati wakubwa walitaka kuvunja mabanda ya akina mama wauza mboga, ili barabara ipanuliwe. Walitaka wiki ile ile. Niliitwa mkutanoni, chumba kizima kikanitazama mimi niitikie kwa kichwa tu, wakale chakula cha mchana. Nikasema haiwezekani. Sheria inataka watu hawa wapewe taarifa, wasikilizwe, waonyeshwe pa kuhamia."

"Wakafurahi?"

"Wafurahi wapi! Bosi wangu alininunia. Tukikutana koridoni anatazama dari."

"Sasa kwa nini usingesema ndiyo?"

"Kwa sababu serikali ni mteja wangu, na mteja ukimdanganya umemsukuma shimoni. Wangevunja, akina mama wangekwenda mahakamani, na anayesimama kule kuitetea serikali ni mimi. Ningesema nini? Mwishowe walifuata utaratibu. Akina mama walihama salama, barabara ikajengwa, na bosi akaacha kutazama dari. Kumshauri mtu si kumkuna panapomwasha, Asmahan. Unamwambia sheria inavyosema, hata kama inamuuma, kisha unamsaidia kutafuta njia halali."

"Na kama hujui?"

"Nasema sijui, nipeni muda nikasome. Hilo ndilo neno zito kuliko yote kwenye kazi yetu. Kwa mfano, sheria za nyumba za Uingereza mimi sizijui. Ungeniuliza, jibu langu lingekuwa hilo. Sasa nitamuuliza mwalimu wangu chuoni. Na wewe una safari ya nyumba mbili."

Safari yenyewe ilikuwa fupi, lakini miguu ilikuwa mizito. Asmahan alibisha mlango wa mbele wa jirani. Kwamboka alifungua.

"Auntie, nilikudanganya. Sikumuuliza mtu yeyote. Niliona umechoka, nikataka ufurahi."

Kwamboka alipangusa uso kwa kiganja. "Nilifurahi, aki. Nilienda kununua geti nikiimba." Akaegemea mlango. "Hebu niambie ukweli mmoja. Kwa nini wale wamama hawataki kupita mbele kama watu wengine? Wananidharau?"

Jibu tamu lilishafika kwenye ncha ya ulimi. Asmahan alilimeza.

"Sijui, Auntie. Ngoja nikaulize."

Alimkuta Bi Shemsa jikoni, anakuna nazi kwa hasira na kutangazia sufuria habari za jirani. Asmahan alikiri yote. Bi Shemsa alimpa maneno yake, na maneno ya Bi Shemsa hayakuwa machache. Alipopumua, Asmahan aliuliza swali alilotumwa.

"Kwetu mlango wa mbele ni wa mgeni," bibi alijibu. "Mtu wako wa ndani hupita uani, bila kubisha. Nikimpitisha Aida mbele, nimemwambia si wetu tena. Mie nimeacha Unguja, nimeacha ndugu, na huo mlango niuache?"

"Bibi, na mimi nina jambo ambalo hutalipenda. Kitanda cha Mama Jemima kiko juu ya uchochoro. Ile dari tunayopita chini yake ndiyo sakafu ya chumba chake. Kila kiatu anakisikia kwenye mto. Anakesha na wagonjwa, halafu sisi tunamkesheza tena."

Mbuzi ya nazi ilinyamaza.

"Juu ya uchochoro?" Bi Shemsa aliuliza taratibu. "Miaka yote hii, mie nikidhani juu kule mna masanduku."

Siku chache baadaye Sikuzani alirudi kutoka chuoni na jibu. Aliwaita majirani wote wawili uchochoroni, na wasichana wakafuata nyuma.

"Mwalimu wangu anasema uchochoro kama huu kwa kawaida ni haki ya nyumba zote mbili kupita. Kwa hiyo Mama Jemima hawezi kumfungia Bibi nje. Lakini geti si kosa ikiwa wote mmekubali na kila mmoja ana ufunguo. Uhakika kamili uko kwenye hati za nyumba zenu, na hizo hakuziona. Zaidi ya hapo sijui, na sitajifanya najua."

Wanawake wale walitazamana. Aliyeanza alikuwa Kwamboka.

"Asmahan ameniambia kuhusu mlango wa nyuma. Mimi sikujua, Bibi. Nilidhani ni dharau."

"Nami sikujua kuhusu kitanda, mwanangu. Basi tufanye hivi. Pazia lako likiwa limefungwa, hakipiti kiatu. Nitawaambia Aida na wenzake waingie kwa mbele, wakae nami sebuleni mpaka ulifungue, tena waseme kwa kunong'ona, wakiweza."

"Wakiweza," Kwamboka alirudia, na wote wawili wakacheka. Alitoa mfukoni ufunguo wa pili, akamwekea Bi Shemsa kiganjani. Habari za Hodge Hill hazikutajwa tena.

Jemima alimsogelea Asmahan. "Usinidanganye tena," alisema. "Hata kama nimevaa nguo mbaya."

"Hiyo sweta ni mbaya," Asmahan alijibu hapo hapo.

"Umesikia?" Sikuzani alimwambia Asmahan, mkono begani kwake. "Ukweli huanza na uchungu, lakini nyumba mbili zimesimama juu yake. Uongo wako ulikuwa mtamu, na ulikaribia kuziangusha. Ukiulizwa ushauri, sema unalolijua, na usilolijua kaulize."

Jumamosi iliyofuata pazia la Kwamboka lilifunguka mchana. Harufu ya biriani ilikuwa imeshapanda ukuta. Muda si muda, kengele ya mlango wa mbele wa Bi Shemsa ikalia. Bi Shemsa alichungulia dirishani, akamwona Kwamboka amesimama kizingitini na sahani ya chapati, amevaa vizuri kama mtu aliyekuja ugenini.

"We Mama Jemima!" alimpigia kelele. "Huo mlango ni wa tarishi! Zunguka, upite uani kama wenzako. Ingia, mwanangu, chakula kinapoa!"