Emsii wa Matanga na Binti Aliyenyamaza

Watu wangu wa Kisegi, na nyinyi wa Migori mnaovuka kuja kununua omena kwangu, hebu sogeeni. Mimi ni Susana, jirani ya Boaz. Kati yetu kuna ua wa michongoma tu. Nitakayowaambia niliyaona kwa macho yangu, na mengine niliyaona kwa kuchungulia. Sioni haya kusema.

Ulikuwa mwaka wa korona. Shule zimefungwa, kanisa limefungwa, sokoni tumechorewa duara za chaki tusikaribiane. Asubuhi moja nilikuwa naanika dagaa wangu wa omena, ziwa limetulia, hata kuku hawana la kusema. Nikaanza kumshukuru Mungu kwa amani ile. Sikumaliza.

"Haloo! Haloo! Moja, mbili! Familia tukufu, chai imewasili! Naomba tusimame wima kwa heshima ya mama mpishi!"

Yawa! Nusura nimwage beseni zima.

Kama humjui Boaz, basi hujawahi kwenda matanga upande huu wa ziwa. Yeye ndiye emsii, mwendesha shughuli za mazishi. Kuanzia hapa hadi Muhuru, watu walizikwa kwa sauti yake. Aliweza kumsifu mwizi wa mbuzi mpaka wenye mbuzi wakalia. Sasa serikali ikasema mazishi ni ya watu kumi na watano, haraka haraka, hotuba hakuna. Kazi ya Boaz ikakatika siku moja. Spika zake mbili kubwa zikarudi nyumbani na betri yake ya sola, na mwenyewe akarudi nazo.

Basi akawa emsii wa nyumba yake. Mkewe Truphena akitaka kufagia, anatangazwa. Liz, mtoto wa miaka mitano, akitaka kwenda haja, anapewa dakika tatu na wimbo wa kumsindikiza. Ugali ukiiva, Boaz anausomea wasifu tangu ulipokuwa mahindi shambani.

Nasi majirani? Tulicheka! Mimi ndiye niliyekuwa wa kwanza kuleta kiti karibu na ua. Wengine wakaja na vigoda vyao, tukaachana mita moja kama tulivyoagizwa, tukavaa barakoa, tukacheka ndani ya barakoa.

Lakini kuna mambo nilikuwa nikiyaona na kuyapita. Truphena alikuwa akienda chooni mara nane kwa siku. Nikamwita pale uani nikamuuliza, "Mama Phanice, tumbo linakusumbua?"

"Tumbo ni zima, dada," akaniambia polepole. "Kule ndiko spika haifiki vizuri. Nakaa tu, nalia kidogo, natoka."

Nikamwonea huruma kama dakika mbili, nikarudi kwenye kiti changu. Na kulikuwa na Phanice, binti yao mkubwa, wa miaka kumi na mmoja. Chakula chake alikuwa anawapa kuku. Mchana wa jua kali alijifunika blanketi gubigubi. Kila asubuhi godoro lake lilikuwa juani, mtoto mkubwa hivyo. Nililiona lile godoro, nikasema moyoni, haya, wanafanya usafi. Kumbe mtoto anazama mbele ya macho yetu.

Siku ya Jumatano akaja Joyline, mhudumu wa afya wa kijiji, na kile kipima joto chake cha kuelekeza kwenye paji la uso. Hajafika mlangoni, spika ikanguruma: "Tumpokee mgeni rasmi! Makofi ya kilo!"

Joyline hakupiga makofi wala kucheka. Alimpima Liz, akamgeukia Phanice. "Hujambo, mama? Unaitwa nani?"

"Mgeni wetu," Boaz akadakia kwa maiki, "huyo ni Phanice, kifungua mimba, darasa la sita, mpenzi wa samaki wa kukaanga..."

"Baba Phanice, nimemuuliza yeye."

Phanice alitazama vidole vya miguu yake. Joyline akangoja. Sisi uani tukangoja.

"Huyu mtoto hajaongea tangu lini?" Joyline akauliza.

Boaz akamtazama Truphena. Truphena akamtazama Boaz. Spika ilikuwa inakoroma tu. Hawakujua! Baba na mama, nyumba moja, hawakujua. Ni Liz aliyejibu, kidole puani: "Tangu Dani azikwe."

Dani ni nyanya yao, mama mzazi wa Boaz. Presha ndiyo iliyomwondoa, siyo korona, lakini alizikwa kwa sheria ileile. Saa mbili asubuhi mwili umefika, saa tatu kasoro umefukiwa. Watoto walifungiwa ndani, na hakuna aliyesema kitu. Yalikuwa yamepita majuma matatu.

Boaz akashtuka, na kwa kushtuka akafanya lile alilolijua. Akamsukumia mtoto maiki mdomoni. "Sasa tumkaribishe Phanice! Dakika mbili, mwanangu, usiogope!"

Mtoto akajificha nyuma ya mama yake. Joyline akainama, akachomoa waya wa spika. Kisegi nzima ikatulia.

"Sikiza, jaduong', mzee wangu," akasema. "Nitawapeleka kwa mshauri pale hospitalini Homa Bay, wote wanne. Lakini kuanzia leo kaa na huyu mtoto. Usimhoji, usimtangaze. Kaa, unyamaze."

"Ninyamaze mpaka lini?"

"Mpaka aseme yeye."

Jamani, kumnyamazisha Boaz! Alikaa na Phanice kivulini wakipukuchua mahindi. Siku ya kwanza alitokwa jasho kama anayelima. Siku ya pili akajaza mdomo njugu ili usifunguke wenyewe. Mimi nilimwona akifungua mdomo, akikumbuka, akaufunga. Walienda Homa Bay, wakarudi, wakaendelea kupukuchua.

Siku ya sita, gunzi mkononi, Phanice akasema, sauti imekwaruza kwa kukaa bila kazi: "Baba, mbona kwa Dani hukusema kitu?"

Boaz akatema njugu.

"Yule mwizi wa mbuzi ulimsemea kwa saa mbili," mtoto akaendelea. "Dani hata jina lake hukulitaja."

Boaz akajifunika uso kwa mikono. Alilia pale juu ya mahindi, akalia vibaya, kamasi na yote. "Waliniambia nifanye haraka, nyathina, mwanangu. Nikaogopa. Na tangu siku hiyo, nikinyamaza tu, namsikia mama." Truphena akatoka chooni mbio, akawakumbatia wote wawili, na Liz akajipenyeza katikati.

Jumapili iliyofuata Dani alifanyiwa kumbukumbu, familia ile tu, na sisi nyuma ya ua. Emsii alikuwa Phanice. Aliusogeza mdomo wake kwenye maiki, akasema: "Dani alikuwa anaficha sukari ndani ya mfuko wa Biblia. Alikuwa ananipa nilambe, halafu ananiambia tuombe msamaha pamoja. Nilitaka kumwambia kwaheri, wakanifungia."

Hapo hakuna aliyecheka. Kisha akasema, "Sasa namkaribisha baba. Dakika tano."

Boaz akamsema mama yake vizuri, tukalia sote. Dakika ya sita akawa ndiyo kwanza anafika kwenye ukoo wa babu. Phanice akachomoa waya.

MAFUNZO

Wazazi wenzangu, ugonjwa ule ulikuwa na kipima joto, lakini cha moyo wa mtoto hakipo. Kipimo ni wewe. Mtoto akiacha kula, akilala mchana, akilowanisha godoro akiwa mkubwa, usimchape wala usimcheke. Anasema kwa njia iliyobaki. Naye mzazi aliyepoteza kazi na wapendwa ni mgonjwa pia, hata kama anachekesha kijiji kizima. Huzuni isiyopewa nafasi haiondoki nyumbani. Mweleze mhudumu wa afya, nenda kwa mshauri, si aibu. Na wewe jirani mwenye kiti chako uani, mimi nikiwa wa kwanza, kucheka peke yake hakutoshi. Uliza.

Juzi mjukuu wangu alinyamaza mezani. Nikaweka kijiko chini, nikamkabili, nikamwuliza taratibu una nini, mwanangu. Kumbe alikuwa ametafuna pilipili. Lakini niliuliza.