Laptopu Nyuma ya Pipa la Kabichi

Kila mapumziko, darasa la sita la shule moja mjini Niš lilipiga kelele kama soko. Relja aliweka laptopu yake mpya juu ya dawati, nyembamba kama daftari, na ubishi ukaanza.

"Hii ndiyo mashine!" alitamba. "Hizo nene za bei rahisi ni matofali. Na mifumo endeshi ya bure ni ya watu wasio na kitu."

"Acha majigambo," Senka alimkata. "Nene ikiharibika inafunguliwa, inatengenezwa. Hiyo yako ikifa ni ya kuzikwa."

"Haya, Bogdana, wewe unayo ipi?" Relja aliuliza.

Bogdana aliikumbuka yake. Baba aliinunua ikiwa imetumika kutoka ofisi iliyofunga shughuli, akaiwekea mfumo wa bure. Vibonye vyake vilikuwa vya manjano na vilinuka sigara. Ilimtia kinyaa.

"Kama ya Relja," alijibu bila kupepesa macho.

Alisahau jambo moja. Jumamosi ilikuwa slava, sikukuu ya mtakatifu wa ukoo wao, na siku hiyo hakuna anayealikwa. Mlango huachwa wazi, anayetaka huja.

Jumamosi mchana alichungulia dirishani, akawaona Relja na Senka wakipanda ngazi. Alinyakua laptopu, akakimbilia stoo na kuisukuma nyuma ya pipa la kabichi chachu.

Wageni walionja kwa kijiko ngano tamu ya kuchemsha ya sikukuu, kisha wakaletewa samaki. Relja alikuwa bado anatafuna aliposema, "Haya, tuone hiyo nyembamba. Tumalizie na kazi yetu ya shule kuhusu mto Nišava, si Jumatatu tunaiwasilisha?"

"Iko kwa fundi," Bogdana alisema.

"Kwa fundi? Siku ya slava?" Senka alimkazia macho.

Wakati huohuo Bibi alikuwa stoo. Kama ilivyo desturi, ili kabichi isioze, alifungua bomba la chini ya pipa, akakinga maji ya kabichi ndooni, akayarudisha juu. Mengine yakamwagikia nyuma. Akatokea mlangoni ameshika laptopu nene inayochuruzika.

"Nani kaweka hii nyuma ya pipa langu jamani?"

Uvundo ulijaa sebuleni. Relja akaziba pua. "Kumbe ndiyo hiyo nyembamba!"

Kinyaa kilimrudia Bogdana. Safari hii hakuichukia laptopu, alijichukia mwenyewe.

"Nilidanganya," alisema huku akilia. "Sina nyembamba. Na kazi yetu yote imo humo. Nakala nyingine hakuna."

"Sasa Jumatatu tutawasilisha nini?" Senka alifoka.

Baba alitandika gazeti, akachukua bisibisi na kufungua kifuniko cha chini. Alichomoa diski ndogo inayohifadhi kazi. Ilikuwa kavu. Alipoichomeka kwenye kompyuta yake, picha zote za mto zikatokea. Laptopu yenyewe haikuwaka tena.

Relja alitoa ya kwake mkobani, akaigeuza, akatafuta pa kufungulia, asipaone. Akairudisha mkobani.

"Mwanangu," Baba alisema, "mashine tunaichagua kwa kazi yake. Hii ilikuwa nzima mpaka leo asubuhi. Haikuuawa na unene wala mfumo wake, imeuawa na uongo wako, na nusura uwaponze wenzako. Haya, kasafishe stoo."

Bogdana alipiga magoti akadeki. Harufu ile ilimganda mikononi hadi Jumatatu, aliposimama mbele ya darasa zima na kusema mwenyewe alikuwa na laptopu gani.