Ana Tumbo

Kibanda cha chakula pale Chaani kilijaa madereva wa malori. Dishon, karani wa yadi ya makontena, alipata nafasi moja tu, kando ya mwanamke aliyevaa dera la kijani na uchovu wa Mombasa nzima usoni.

"Niletee viazi vya kuchemsha," mwanamke alimwambia mpishi. "Bila pilipili, bila ndimu, bila nazi."

"Dada, hicho si chakula, ni adhabu," Dishon akamtania.

"Adhabu ni hiyo yako, kaka. Pilipili yakuliza na bado waila."

Dishon alicheka hadi akapaliwa. Kabla ya kumaliza sahani alikuwa na jina na nambari yake ya simu: Kafedha, fundi cherehani wa Bombolulu. Mapenzi yakaanza, mapenzi ya watu waliochoshwa na kazi: simu za jioni, mizaha kidogo, "umefika salama, laazizi?", kisha usingizi.

Ila Kafedha alikuwa na siri. Vidonda vya tumbo vilimtesa kwa miaka, na daktari alishampangia maisha upya: ale kidogo kidogo, asikae na njaa, aache kahawa, asilale punde tu baada ya kula, ameze dawa bila kuruka. Aliyafuata yote, na bado siku nyingine tumbo lilimgeuka. Mchumba wake wa kwanza alimwacha kwa sababu hiyo. Alipompeleka kwao, Kafedha alishindwa kula mchuzi wa pilipili, na mama wa mchumba akatangaza kwamba binti huyu anawadharau. Basi safari hii akanyamaza.

Mficha maradhi kifo humuumbua. Kafedha yeye aliumbuliwa na jirani. Jumamosi moja Dishon alipiga simu, akapokea Ummi wa chumba cha pili.

"Kafedha kalala, kaka'ngu. Ana tumbo, masikini. Tangu asubuhi yuatapika."

Kwa Ummi, tumbo ni ugonjwa. Kwa Dishon, mzaliwa wa Bungoma, mwanamke mwenye tumbo ana mimba. Akayakumbuka yale madera mapana, kahawa iliyokataliwa, mikate mikavu mkobani. Na wao hawajawahi kulala pamoja. Kafedha alisema mpaka wafunge ndoa kanisani. Dishon aliumia vibaya. Akaacha kupokea simu zake, na Kafedha kwa kuwaza akazidi kuugua.

Mwishowe hasira zenyewe zilimchosha Dishon, akaenda Bombolulu.

"Baba yake ni nani?" aliuliza akiwa bado mlangoni.

"Baba wa nani?"

"Wa mtoto! Ummi aliniambia una tumbo."

Kafedha aliketi kitandani taratibu. Alitaka kucheka, nguvu hana. "Tumbo langu lina vidonda, Dishon. Mtoto ni afadhali, angezaliwa nikapumzika."

Akamweleza yote. Dishon alishikwa na aibu, akakosa pa kuweka mikono.

"Mbona hukuniambia, mpenzi?"

"Ungeniacha. Niache sasa, mapema. Haya hayaishi leo wala kesho. Nitachagua chakula maisha yangu yote, na mamako ataniona mwenye maringo. Nimechoka."

Dishon alitoa simu. Alimpigia mamake Bungoma, akafungua spika wote wawili wasikie.

"Mama, nimepata msichana wa kuoa. Ana vidonda vya tumbo. Hali pilipili, hanywi chai ya rangi, na hakai na njaa. Akikataa chakula chako, si dharau."

Kafedha alifumba macho.

"Nipe yeye," mama alisema.

"Abee, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Kuku wa kuchemsha unakula?"

"Nakula, mama. Kidogo kidogo."

"Basi waambie watu wa kwenu tunakuja. Na ukija huku, kuku wako nitamchemsha mimi, sitamwachia mtu."

Kafedha alirudisha simu, akajifunika uso kwa leso, akalia kwa muda mrefu. Dishon alikaa kando yake.

"Dishon," alisema hatimaye.

"Naam, kipenzi?"

"Nasikia njaa."