Koti Lililokohoa

“Yule mwanamume anayesimama chumbani kwako mchana kutwa ni nani?”

Jirani aliuliza swali hilo bombani, ndoo yake ikijaa maji. Aliuliza kwa sauti ya chini, kama mtu anayeulizia hali ya mgonjwa.

Mama Pindo alicheka. “Mwanamume gani, jirani? Mimi ni mjane. Mle ndani niko mimi, cherehani yangu na kasuku wawili.”

“Nimemwona dirishani. Amevaa koti jeusi. Ana kichwa kidogo mno. Nilipomtazama, kichwa kiligeuka nyuma chote, uso ukawa upande wa mgongo. Kisha akakohoa.”

Mama Pindo aliacha kucheka. “Ni koti la marehemu,” alisema. Akainua ndoo yake haraka, maji yakamwagika miguuni, akaenda zake.

Mtaani walimwita Mama Pindo kwa sababu pindo la nguo likitoka mkononi mwake haliendi upogo. Kila siku aliamka, akasali, akafagia, kisha akaketi kwenye cherehani. Kando ya dirisha ilisimama sanamu yake ya kupimia nguo. Ilikuwa kiwiliwili cha kitambaa juu ya mguu mmoja wa mbao. Haikuwa na kichwa.

Kasuku walikuwa wa mumewe. Wote wawili walikuwa wa kijivu, wenye mikia myekundu. Mmoja aliitwa Kamanda, kwa kuwa alipenda kuamrisha. Mwingine aliitwa Kimya, kwa kuwa hakuwahi kutamka neno. Mume alipougua, tundu lao liliwekwa karibu na kitanda chake. Lilikaa hapo miezi mitano, mpaka Mungu alipomchukua.

Baada ya mazishi, kasuku walibadilika. Walipiga kelele tangu asubuhi. Kamanda alijing’oa manyoya ya kifuani mpaka ngozi ikaonekana. Kimya alisimama kwa mguu mmoja, kisha kwa mwingine, kama mtu aliyekanyaga kaa la moto. Tundu lenyewe lilikuwa jembamba. Ndani yake mlikuwa na fimbo moja tu ya kusimamia, nyembamba na laini kama bomba.

“Wanamlilia baba yao,” Mama Pindo alijisemea.

Basi akafanya jambo ambalo fundi cherehani tu angelifikiria. Alichukua koti la marehemu, akaivisha sanamu. Mikono ya koti akaijaza vitambaa ili isining’inie. Akafungua tundu, akawaweka kasuku mabegani.

Walinyamaza! Mama Pindo alilia kwa furaha. Toka siku hiyo, sanamu ikawa mahali pao pa kuchezea.

Lakini Kamanda hakukaa begani. Alipanda juu, akasimama pale ambapo kichwa kingekuwa. Akiwa hapo, alikohoa. Mara mbili kwa ufupi, kisha mara moja kwa kirefu. Ndivyo alivyokohoa marehemu. Kisha akasema kwa sauti ileile nzito, “Mke wangu, maji.”

Mama Pindo alikuwa amekwisha kushika kikombe kabla hajakumbuka kwamba ni ndege.

Habari zilienea. Wateja walianza kuogopa. Mmoja alikuja kujaribu gauni. Koti lilipokohoa nyuma yake, alitoka mbio na gauni mwilini, pini zikiwa bado mgongoni. Alilirudisha gauni kesho yake kwa mkono wa dada yake.

Kisha akaja wifi yake, dada mkubwa wa marehemu. Huyu alikuwa mwanamke wa maneno makali. Aliishi umbali wa nusu saa tu kwa basi. Wakati wa ugonjwa hakufika hata siku moja. Alifika siku ya mazishi, akalia kuliko wote.

Alisimama mlangoni, akaliona koti. Koti likakohoa.

“Wifi, hii ni nini?” aliuliza, mkono kifuani.

“Ni kasuku, wifi yangu. Ingia ukae.”

“Siingii! Ndugu yangu hajapumzika kwa sababu yako. Umemfungia humu na hao ndege wako.”

“Ni ndege wake, si wangu. Na mtu aliyekwenda kwa Mungu hafungiwi chumbani.”

“Usinihubirie! Mwisho wa mwezi nakuja na boksi. Nikikuta nyumba iko hivi, nawachukua, nakwenda kuwaachia porini. Sauti ya maiti haikai sebuleni.”

Wifi alipoondoka, Mama Pindo aliketi sakafuni. Aliogopa kwa mambo mawili. Aliogopa kuwapoteza wale ndege, maana sauti ya mumewe haikubakia mahali pengine popote duniani. Na aliogopa jambo la pili, ambalo hakulisema hata kwenye sala: huenda wifi alikuwa amesema kweli.

Siku tatu baadaye, saa nane mchana, jua lilikuwa kali na mtaa ulikuwa kimya. Mama Pindo alikuwa akishona shuka. Kamanda alikuwa juu ya koti, amesinzia. Kimya hakuonekana.

Mama Pindo aliinua macho. Mkono wa koti ulikuwa unatikisika.

Aliacha kukanyaga pedali. Cherehani ikanyamaza. Mkono wa koti ulitikisika tena. Kisha ukainuka polepole, kama mkono wa mtu anayeita. Kamanda akafumbua jicho moja.

“Mke wangu,” alisema. “Mke wangu. Maji.”

Mama Pindo alitoka nje bila viatu. “Jirani!” alipiga kelele. “Jirani, njoo! Linaniita!”

Jirani alikuja akikimbia, mikono imejaa sabuni. Watu walimwita Bi Kliniki. Alikuwa mhudumu wa kliniki ya wanyama kwa miaka mingi, na alikuwa ameshaumwa na mbwa, paka, na mbuzi wa mwalimu mkuu. Hakuwa mtu wa kutishika upesi. Hata hivyo, alipouona ule mkono umeinuka, alisimama kidogo.

“Kwa jina la Mungu,” alisema. Akasogea, akaingiza mkono ndani ya koti.

Alitoa vitambaa. Akatoa vitambaa vingine. Kisha kikasikika kilio chembamba.

“Nipe mkasi wako mdogo wa kukatia nyuzi. Upesi, mama!”

Alikuwa ni Kimya. Alikuwa ameingia ndani ya mkono wa koti kwa tundu la bitana iliyochanika. Nyuzi za bitana zilikuwa zimejifunga kwenye kidole chake. Kila alipojivuta, zilikaza zaidi. Kidole kilikuwa kimevimba, na ncha yake imekuwa nyeusi.

Mama Pindo alimshika ndege kwa taulo. Bi Kliniki alikata uzi mmoja mmoja. Wote wawili walitoka jasho.

“Uzi ukikaza hivi, damu haifiki,” alisema Bi Kliniki. “Leo hii tunakwenda kwa daktari. Si kesho.”

Daktari wa kliniki alisafisha jeraha. Kidole kilipona baadaye, lakini ncha yake haikuokoka. Alimpima Kamanda pia, akamsikiliza kifua. Hakuwa na ugonjwa wa kukohoa.

Jioni yake, Bi Kliniki aliketi sebuleni kwa Mama Pindo. Alilitazama koti kwa muda mrefu.

“Mama Pindo, nisikilize bila kukasirika. Hapa hapana mzimu. Kasuku husema kile alichokisikia mara nyingi. Miezi mitano alilala karibu na mtu anayekohoa na kuomba maji. Unategemea aseme nini? Aombe chai?”

Mama Pindo alicheka huku machozi yakimtoka. “Lakini walitulia walipokaa hapa.”

“Walitulia kwa sababu walitoka kwenye lile tundu! Kasuku ana akili ya mtoto mdogo. Ukimweka mahali pembamba hana la kufanya, anapiga kelele, anajing’oa manyoya. Anahitaji mahali pa kupanda, kutafuna na kuchezea. Hapo uliona sawa. Ulikosea kuchagua mahali penyewe. Haya, twende taratibu. Tikisa sanamu yako.”

Mama Pindo aliigusa. Ikayumba.

“Siku moja itaanguka nao. Stendi ya kasuku, yaani mti wake wa kukalia na kuchezea, lazima iwe na kitako kipana na kizito. Sasa pitisha mkono kifuani.”

“Aah!” Mama Pindo alinyonya kidole. Alikuwa amesahau pini tatu.

“Na vifungo vya koti viko wapi? Naona kimebaki kimoja.”

Mama Pindo alitazama. Kweli, vilikuwa vinne. Vitatu havikuwapo.

“Kamanda amevitafuna. Tumshukuru Mungu, vilikuwa vya mbao. Vingekuwa vya chuma, vingeweza kumtia sumu mwilini. Mama, vua hilo koti.”

Mama Pindo alilifungua koti polepole, kama anayemvua mtu aliyelala. Alipomaliza, palibaki kiwiliwili cha kitambaa chenye madoa ya mavi ya ndege.

Kesho yake walikwenda kwa seremala. Alikuwa na stendi moja ya ndege dukani, imepakwa rangi nyekundu inayong’aa, ina fimbo tatu za duara zilizolingana.

“Nzuri hii!” alisema Mama Pindo.

“Nzuri kwa macho yako,” Bi Kliniki alijibu. “Wataitafuna, wameze rangi. Na fimbo zikiwa sawa zote, mguu unakandamizwa palepale kila siku, mpaka unapata kidonda. Tunataka matawi. Nene, jembamba, lililopinda. Ndege akilishika, kucha zake zisikutane upande wa chini. Hapo unene unatosha.”

Seremala alikuna kichwa. “Tawi la mti gani?”

“Mpera. Lakini mpera ambao haujapuliziwa dawa. Tutalisugua kwa maji na kulikausha juani. Usipake vanishi wala rangi. Misumari isichomoze.”

“Na huyu mgonjwa wa kidole?” aliuliza Mama Pindo. “Atashikaje tawi?”

Bi Kliniki alitabasamu. “Sasa unauliza kama daktari. Unafikiri tufanye nini?”

Mama Pindo alifikiri. Alizoea kurekebisha nguo za watu wenye bega moja la chini au mguu mmoja mfupi. “Tumwekee ubao bapa badala ya tawi,” alisema. “Upande wa chini, ili akianguka asiumie. Na kitu cha kupandia, kama ngazi fupi.”

“Hapohapo!” alisema seremala, akachukua penseli sikioni.

Stendi ilipokamilika, ilikuwa na kitako kipana chenye kingo. Juu yake walitandaza karatasi za kubadilisha kila siku. Matawi yalifika kifuani mwa mtu. Vikombe vilikuwa viwili, mbalimbali, ili ndege wasigombane. Havikuwekwa chini ya matawi, ili kinyesi kisiingie kwenye chakula. Mama Pindo alitaka kufunga vitu vya kuchezea kwa nyuzi za rangi.

“Nyuzi tena?” Bi Kliniki aliuliza.

“Astaghafiru! Mkono umezoea.” Akatumia kamba fupi za ngozi isiyotiwa rangi. Alining’iniza vipande vya mbao laini na magunzi ya mahindi makavu.

Waliiweka stendi pembeni ukutani, mbali na jikoni, maana moshi na mvuke wa sufuria zenye utando wa kuzuia chakula kisigande, zikipata moto mkali, huweza kumuua ndege. Pia iliwekwa mbali na feni.

Hawakuwalazimisha ndege. Siku nne za kwanza stendi ilikaa karibu na tundu, waitazame tu. Kisha Mama Pindo aliweka karanga kwenye tawi la chini. Kamanda alinyoosha shingo. Siku ya sita alipanda. Kimya alipanda siku ya tisa, kwa ngazi yake, akasimama kwenye ubao kwa miguu yote miwili. Walitoka kila siku Mama Pindo akiwapo, na usiku walirudi kwenye tundu. Tundu nalo lilikuwa limetiwa matawi ya mpera.

Kelele zilipungua. Kifuani mwa Kamanda yaliota manyoya madogo kama pamba. Wateja walirudi. Yule wa gauni alirudi pia, ila alikaa karibu na mlango.

Mwisho wa mwezi, wifi alifika. Alibeba boksi kubwa lenye matundu. Safari hii aliingia mpaka ndani.

“Koti liko wapi?”

“Nimelifua, nimelikunja. Liko sandukuni.”

“Umelificha. Na hao?” Aliwanyooshea ndege kidole. Kamanda alikuwa akichana gunzi, vipande vikianguka kwenye karatasi. “Umewajengea na nyumba!”

“Ni stendi yao ya kuchezea. Walikuwa wagonjwa, wifi. Mazoea mabaya yalitoka kwenye mateso, hayakutoka kaburini. Kaa nikueleze.”

“Sikai. Nilisema nawachukua, nawachukua. Ndugu yangu hawezi kuwa sauti ya ndege.” Alifungua boksi, akasogea. Bangili zake zikalia.

Kamanda aliacha kuchana. Aliinamisha kichwa, akamtazama kwa jicho moja. Hata Mama Pindo alirudi nyuma hatua moja, ingawa alijua anachokiona ni ndege.

“Dada amekuja?” alisema Kamanda. Ilikuwa ile sauti nzito, ya mtu aliyelala chali.

Kisha, kwa sauti ya Mama Pindo mwenyewe, akajijibu: “Bado.”

Sauti nzito ikarudi, imechoka zaidi.

“Labda kesho.”

Miezi mitano Mama Pindo aliulizwa swali lile kila asubuhi, na miezi mitano alijibu hivyohivyo. Hakuwahi kumwambia wifi yake. Sasa alimtazama, akataka kumshika mkono.

“Dada amekuja?” Kamanda aliuliza tena.

Wifi aliliweka boksi juu ya kiti. Aliwatazama ndege, akamtazama mjane wa ndugu yake. Kisha akageuka, akafungua mlango, akatoka, boksi akiliacha kitini.